Kamera ya PTZ: Geuza uone matundu ya nyuma kabla ya kuuliza bei

Ingia katika maduka ya elektroniki ya Luthuli jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, uombe kamera ya PTZ. Unaweza kuwekewa mezani kamera mbili zinazofanana kama pacha. Zote zina kichwa kinachojigeuza, zote zinavuta picha ya mbali, na zote zimeandikwa herufi hizo tatu kwenye boksi. Moja imetengenezwa kurusha ibada, harusi na mikutano mubashara. Nyingine imetengenezwa kulinda geti la ghala. Hii ya pili mara nyingi ni nafuu, na hapo ndipo mtaji wa mfanyabiashara unapoingia hatarini, kwa sababu mteja aliyeagiza mzigo yuko Kampala, Kigali au Goma, na huenda asigundue tofauti hadi siku ya shughuli yenyewe.

Soko lipo. Tangu 2020, mikusanyiko ilipozuiwa kwa sababu ya Korona, makanisa mengi ya ukanda huu yalijifunza kurusha ibada kwenye YouTube na Facebook, na milango ilipofunguliwa hayakuacha. Nchini Kenya mazishi hurushwa ili jamaa walioko ng'ambo nao washiriki. Kwanjula ya Uganda, gusaba ya Rwanda na sendofu ya Tanzania zote zina shangazi au kaka aliyeko Dubai au Toronto anayetaka kuona. Kumbi za hoteli nazo zinataka vifaa vya mikutano ambayo nusu ya wajumbe wako ukumbini na nusu wako kwenye skrini.

Katika shughuli za namna hiyo, PTZ ina faida moja kubwa. Kamera inageuka kushoto na kulia, inainama na kuinuka, na inavuta picha karibu, yote kwa rimoti. Mtu mmoja aliyekaa pembeni na kidude cha kuongozea anaweza kuendesha kamera tatu. Hakuna mpiga picha anayesimama mbele ya madhabahu akiwaziba waumini, na hakuna malipo ya watu watatu kila Jumapili.

Jina moja, mashine mbili

Kamera ya ulinzi ina kazi yake na inaifanya vizuri. Inaona gizani, inavumilia mvua, na inabana picha sana ili diski ya kurekodia itoshe kwa wiki nzima. Inapeleka picha hiyo kwa waya wa mtandao, kwa njia ya RTSP, hadi kwenye mashine ya kurekodi. Mlinzi hajali picha ikimfikia ikiwa imechelewa nusu sekunde au sekunde nzima. Mwizi yupo pale pale.

Kanisani mambo ni tofauti. Sauti ya mchungaji inafika kwenye mixa papo hapo, lakini midomo yake kwenye skrini inacheza baadaye. Kwa watazamaji wa mtandaoni tatizo linaweza kutibiwa, kwa sababu programu kama OBS, ambayo ni ya bure, inaruhusu sauti icheleweshwe ilingane na picha. Kwa waumini walioketi ndani wakitazama skrini kubwa hakuna dawa, maana sauti halisi ya spika huwezi kuizuia. Juu ya hilo, kamera nyingi za ulinzi hugeuka kwa kushtukashtuka. Zimeundwa kufika haraka pale panapotakiwa, si kupita taratibu juu ya nyuso za kwaya.

Njia ya kuzitambua ni rahisi kuliko wauzaji wengi wanavyoifanya ionekane. Geuza kamera uangalie nyuma. Kamera ya kurushia matangazo ina tundu la HDMI, au la SDI, au la USB linaloingia kwenye kompyuta, na mara nyingi ina zaidi ya moja pamoja na tundu la mtandao. Kamera ya ulinzi kwa kawaida ina mkia wa waya wenye tundu la mtandao na la umeme, basi. Kisha soma karatasi ya maelezo utafute neno VISCA. Hiyo ni lugha ya kuongozea kamera iliyobuniwa na Sony, na leo hutumiwa na watengenezaji wengi wa kamera za matangazo. Ukikuta Pelco peke yake, jiulize mara mbili. Pelco ilizaliwa kwenye ulinzi, ingawa kamera nyingi za matangazo nazo huielewa kama lugha ya pili.

Usitegemee jina la kampuni kukufanyia kazi hii. Shenzhen inatoa kamera za kila aina chini ya majina mengi, na baadhi ya zile za bei ya kati ni nzuri sana kwa kanisa la kawaida. Kwa upande mwingine, Sony, Panasonic na Canon wana kamera ambazo bei yake inaweza kufanana na bei ya gari lililotumika. Anayeuza kwa faida ni yule anayejua ukumbi wa mteja wake kabla hajajua jina la kamera.

Ukumbi una mita ngapi?

Swali la kwanza kwa mteja lisiwe bajeti. Liwe hili: kutoka pale kamera itakapofungwa hadi anaposimama msemaji ni mita ngapi?

Kamera nyingi za kazi hii huuzwa kwa nguvu ya kuvuta mara 12, mara 20 au mara 30. Chukua ukumbi ambao kamera iko mita 30 kutoka jukwaani. Kamera ya kawaida ya mara 20, ikivutwa hadi mwisho, inaona upana wa karibu mita 1.8 jukwaani, na kwa umbo la skrini za leo hiyo ni kimo cha mita moja hivi. Utampata msemaji kuanzia kiunoni hadi kichwani, picha nzuri ya mahubiri. Kamera ya kawaida ya mara 12, kutoka pale pale, inaona upana wa karibu mita 3.6 na kimo cha mita 2. Msemaji ataonekana mzima kutoka kichwani hadi viatuni, na uso wake utakuwa mdogo. Haitoshi. Lakini kwenye chumba cha mikutano cha mita 8 hiyo ya mara 12 ndiyo bora, kwa kuwa nyingi za aina hiyo huona upana mkubwa zaidi zikiachwa bila kuvutwa, na meza nzima itaingia kwenye picha.

Hapa kuna mtego wa zamani. Nambari inayohesabika ni ile ya kuvuta kwa lenzi. Kuvuta kwa programu ni kuikuza picha ile ile iliyokwisha kupigwa, kama mtu anavyotanua picha kwenye simu, na nyuso hugeuka chengachenga. Boksi lililoandikwa mara 200 au 300 kwa herufi kubwa limezidisha hizo mbili. Dukani, ingia kwenye menyu ya kamera, zima uvutaji wa programu, kisha vuta hadi mwisho ukielekeza kwenye bango la ng'ambo ya barabara. Unachokiona hapo ndicho utakachokuwa nacho.

Nguvu ya kuvuta nayo ina gharama yake. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera kikiwa kikubwa, picha huwa safi zaidi kwenye mwanga hafifu, lakini lenzi ya kuvuta mbali inakuwa kubwa na ghali. Canon wanaonyesha hili wazi. Kamera yao ya CR-N500 ina kipande cha inchi 1 na inavuta mara 15. CR-N300, iliyo chini yake, ina kipande cha inchi 1/2.3 na inavuta mara 20. Kamera nyingi za bei ya kati zina kipande kidogo zaidi. Kwa mteja wa harusi za usiku zenye taa za rangi na moshi wa jukwaani, kipande kikubwa ni muhimu kuliko mita tano za kuvuta. Kwa kanisa lenye madirisha mapana na ibada ya saa nne asubuhi, si lazima.

Taa zina jambo moja linalosahaulika sana. Umeme wetu, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, unapiga mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani unapiga mara 60. Kamera iliyotoka soko la Marekani huja imepangwa fremu 30 au 60, na chini ya taa nyingi za bei nafuu za huku picha itapigapiga kama mshumaa kwenye upepo. Karibu kamera zote nzuri zina mpangilio wa kubadili kuwa fremu 25 au 50. Hakikisha upo, ubadilishe kabla ya kumkabidhi mteja, na umwonyeshe ulipo.

Waya ndio unaovunja bajeti

Wafanyabiashara wengi huuza kamera na kuwaachia mafundi suala la waya. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha zinapoachwa mezani, na hapo ndipo lawama zinapoanzia.

HDMI ni rahisi na kila skrini inaielewa, lakini waya wa kawaida ukipita mita 10 au 15 picha huanza kukatika. USB ni fupi zaidi: kwa USB 3, mita 3 hivi, baada ya hapo unahitaji waya wenye kikuza mawimbi. Hizi mbili zinafaa chumba cha mkutano ambacho kompyuta iko mezani pale pale. Ukumbi wa watu 500 hauwezi.

SDI inatumia waya mmoja wa mviringo wa ohm 75, wenye kifungo cha kuzungusha ambacho hakichomoki mtu akijikwaa. Kwa picha ya 1080p inaweza kufika karibu mita 100 ikiwa waya ni mzuri. Waya wa dishi la televisheni unafanana nao na fundi atakuambia ni ule ule. Ule wa bei rahisi hupoteza picha mapema zaidi, na fundi huyo huwa ameshaondoka.

Njia ya tatu ni waya wa mtandao, ambao kwa shaba nzuri unafika mita 100. Kamera yenye PoE inapata umeme, amri za rimoti na picha kwenye waya huo mmoja. Huhitaji fundi wa umeme kupeleka soketi juu ya ukuta wa kanisa, na akiba ya hapo peke yake inaweza kufidia tofauti ya bei ya kamera. Soma tu wati. PoE ya kawaida hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, na ile kubwa zaidi, PoE+, hadi wati 30. Kamera inayohitaji ya pili ikifungwa kwenye swichi ya kwanza inaweza kuwaka vizuri, kisha ikazimika mota zinapoanza kuzunguka. Mteja atasema kamera ni mbovu.

Picha inapopita kwenye mtandao, utasikia jina NDI, teknolojia iliyotolewa na kampuni ya NewTek mwaka 2015. Ina sura mbili ambazo wauzaji huzichanganya. NDI kamili inakula zaidi ya Mbps 100 kwa kamera moja ya 1080p, kwa hiyo swichi ya kawaida ya Mbps 100 haifai kabisa, ni gigabiti tu. NDI HX imebanwa na inakula sehemu ndogo ya hapo, ila inachelewa kidogo zaidi. Tena kuna kamera ambazo NDI yake ni leseni inayolipiwa kando. Uliza kama imelipiwa, hasa kwa kamera iliyotumika.

Hayo yote ni ndani ya jengo. Kutoka nje kwenda kwa watazamaji, kinachohesabika ni kasi ya kupandisha, si ile ya kushusha inayotangazwa kwenye mabango. Kwa 1080p ya kawaida, Mbps 4 hadi 6 zilizotulia zinatosha. Kwa Mbps 5, ibada ya saa 3 itakula karibu GB 6.8. Mteja wa bando ajue hilo mapema. Na ndiyo maana ningemshauri mchuuzi asimsukumie mteja wa Gisenyi au Arua kamera ya 4K kwa ajili ya kurusha. 4K inamfaa anayerekodi na kuhariri baadaye, au anayetaka kukata picha mbili kutoka kamera moja. Anayetegemea modemu ya simu atailipia asiitumie.

Na kurekodi je? Kamera nyingi za PTZ za matangazo hazina kadi ya kumbukumbu. Picha inarekodiwa kwenye kompyuta au kwenye kifaa cha pembeni. Wapiga picha za harusi waliozoea kutoa kadi na kuondoka hushtuka sana. Maikrofoni ya ndani nayo, kama ipo, ni ya kujaribia tu. Sauti itoke kwenye mixa. Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu, lakini sauti ya mwangwi itamfanya afunge baada ya dakika mbili.

Kuhusu kamera zinazomfuata msemaji zenyewe, zimekuwa bora sana kwa mwalimu darasani au mhubiri anayetembea peke yake jukwaani. Kwenye kwanjula yenye watu hamsini wanaocheza, kamera itamfuata mpiga ngoma.

Mpakani

Sasa chukulia umechagua vizuri na uko Busia, Namanga au Rusumo. Kuna dhana moja inayowagharimu wachuuzi. Wengi wanajua kwamba mzigo wa chini ya Dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia, kinachotolewa pale pale mpakani. Kweli, lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mahindi ya Mbale yanafaa. Kamera iliyotengenezwa Shenzhen na kununuliwa Nairobi haigeuki kuwa bidhaa ya Kenya kwa sababu ya risiti ya Luthuli. Inabaki bidhaa ya nje, na inatangazwa hivyo hivyo, chini ya kifungu cha 85.25 cha ushuru, kinachohusu kamera za televisheni, za kidijitali na za video.

Hata kama ushuru wa forodha ulishalipwa Mombasa au Dar es Salaam, kodi ya ongezeko la thamani ni ya nchi mzigo unakokwenda. Kenya na Kongo ni asilimia 16. Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa hiyo nakala ya hati ya forodha ya uingizaji wa kwanza ina thamani kubwa kuliko punguzo la muuzaji. Iombe dukani. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha jinsi mzigo ulivyoingia nchini anakuachia wewe maswali yake yote. Pamoja nayo chukua risiti ya mfumo wa kodi: eTIMS kwa Kenya, EFD kwa Tanzania, EFRIS kwa Uganda, EBM kwa Rwanda, na namba ya kamera iandikwe humo. Kwa mzigo wa kamera zaidi ya mbili tatu, wakala wa forodha anajilipa mwenyewe. Kamera yenye Wi-Fi inaweza kuulizwa idhini ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika. Ile ya waya haina mjadala huo, sababu nyingine ya kupenda waya.

Njia za panya zina bei yake ndogo na hasara yake kubwa. Ikikamatwa, kamera imekwenda. Isipokamatwa, mteja wako, ambaye mara nyingi ni kanisa, shule au hoteli yenye mhasibu, atataka risiti ambayo huna.

Adapta za umeme nazo zikumbuke. Kenya na Uganda hutumia plagi ya pini tatu bapa. Rwanda na Burundi hutumia pini za duara. Kamera ya PoE haina tatizo, ila swichi yake inalo.

Waranti ya dukani mara nyingi huishia mpakani pamoja na nauli. Kwa hiyo jaribu kila kamera kabla ya kulipa, kwa nusu saa na si dakika tano. Hifadhi picha za vituo kumi, zima umeme, washa tena, uone kama kichwa kinarudi pale pale. Sikiliza mota kukiwa kimya. Zima taa za duka uone picha inavyobadilika. Ukiifunga kwa safari, rudisha sponji zake zote na usigeuze kichwa kwa mkono, kwa kuwa meno ya ndani hayajaundwa kwa hilo. Kwenye basi la usiku kwenda Kampala, isikae chini ya buti la mizigo. Ipakate.

Na kwa wale wasiouza kamera bali wanavuka nayo kwenda kupiga picha harusi ya upande wa pili: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu vifaa kuingizwa kwa muda na kurudi. Andaa orodha ya vifaa vyote yenye namba zake, iwasilishe kabla ya kuvuka, uulize kuhusu dhamana inayotakiwa, na siku ya kurudi hakikisha hati imefungwa. Ikibaki wazi, forodha itahesabu kwamba kamera imebaki huko, na utadaiwa ushuru wa kitu ambacho kiko sebuleni kwako.